Kaka yangu ana saratani ya damu, kwa nini anapewa aseniki?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 31, amelazwa hospitali ya rufaa na tumeambiwa ana lukemia aina ya APL. Daktari wake anasema atapewa vidonge vya jamii ya vitamini A pamoja na dripu ya aseniki, na kwamba dawa hizo zitazikomaza seli za saratani. Nyumbani tumechanganyikiwa. Aseniki si sumu? Na saratani ikikomaa si ndiyo itazidi? Alisema pia kwamba shida iko kwenye udhibiti wa jeni, lakini ugonjwa si wa kurithi. Hapo ndipo tulipopotea kabisa. Jirani yetu naye ana mtoto wa miezi minane mwenye lukemia, anauliza kama dawa za namna hii zipo kwa mtoto wake."

Marahaba dada, na pole kwa kuuguza. Nitangulize lililo la haraka. Alichowaambia daktari ni sahihi, na kati ya lukemia zote kali za uboho zinazowapata watu wazima, hii ya kaka yako ndiyo inayotibika vizuri kuliko nyingine, mradi mgonjwa avuke wiki za mwanzo. Mkiwa na shaka, mkamwone daktari wake mzungumze, lakini vile vidonge, vinavyoitwa ATRA, visisimame hata siku moja kwa sababu ya mashaka ya nyumbani.

Nasisitiza haraka kwa sababu APL, yaani lukemia kali ya promyelosaiti (aina ya seli nyeupe changa za damu), huua kwa kutokwa damu. Mwaka 1957 daktari wa Norway, Leif Hillestad, ndiye aliyeueleza kama ugonjwa wa peke yake, na wagonjwa aliowaandika walikufa katika muda wa wiki chache. Seli za ugonjwa huu zimejaa vitu vinavyovuruga ugandaji wa damu, hivyo fizi hutoa damu, pua hutoa damu, na kibaya zaidi damu inaweza kuvujia kwenye ubongo. Hata leo, wengi wanaopotea kwa APL hupotea katika siku 30 za kwanza. Ndiyo maana miongozo ya matibabu inataka ATRA ianze siku ileile daktari anapoushuku ugonjwa, bila kusubiri majibu ya kipimo cha jeni. Kazi yenu ninyi ndugu katika siku hizi ni kutafuta wachangia damu. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hutokana na damu iliyochangwa na huhifadhika siku chache tu, kwa hiyo leo mkileta watu kumi, wiki ijayo watahitajika wengine. Asipewe aspirini, dayklofenaki wala ibuprofeni za kutuliza maumivu, na asichomwe sindano ya msuli mtaani.

Sasa nije kwenye lile lililowapoteza.

Mwanadamu ana jeni kama 20,000 zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini, na seli ya ini ya kaka yako ina jeni zilezile zilizomo katika seli za ngozi yake na za damu yake. Kinachoifanya seli ya ini iwe ya ini ni kwamba baadhi ya jeni zake zinasomwa na nyingine zimefungwa. Huko ndiko kunaitwa udhibiti wa jeni. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufika kama mita mbili, na ili itoshee ndani ya kiini huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mfano wa uzi kwenye bobini ya cherehani. Mahali ilipobanwa sana haisomeki. Mahali ilipolegezwa, mitambo ya seli huingia na kuinakili. Zipo protini ambazo kazi yake ni kukaa penye sehemu maalumu za DNA na kuamua wapi palegezwe na wapi pabanwe, kwa kubandika au kubandua alama ndogo za kikemikali. Alama ya asetili kwenye histoni hulegeza. Alama ya methili kwenye DNA yenyewe, mara nyingi, hufunga.

Ndani ya uboho wa mifupa yetu kazi hii haina mapumziko. Seli shina hujigawa, na kizazi chake hupita ngazi baada ya ngazi hadi kuwa seli nyekundu, chembe sahani au seli nyeupe za aina mbalimbali. Kila ngazi ina jeni zake za kufunguliwa na zake za kufungwa. Promyelosaiti, ambayo ndiyo seli inayohusika na ugonjwa wa kaka yako, iko njiani kuelekea kuwa nyutrofili, yaani askari wa kwanza wa kupambana na bakteria. Ikiwa bado promyelosaiti, ina uwezo wa kujigawa. Ikishakuwa nyutrofili, uwezo huo umekwisha. Itafanya kazi yake kwa muda mfupi, kisha itakufa na kuondolewa mwilini.

Umeuliza saratani ikikomaa si itazidi. Hapana, dada. Seli hizi zinazidi kwa sababu zimekataa kukomaa. Zikikomaa, zimefika mwisho wa maisha yake.

Ni nini basi kilizikwamisha? Siku moja, katika seli moja tu ya uboho, kromosomu (vifurushi vya DNA) namba 15 na namba 17 zilikatika, na vipande vikaungana vibaya, hiki mahali pa kile. Janet Rowley wa Chicago na wenzake waliueleza mbadilishano huo mwaka 1977. Pale palipoungwa, nusu ya jeni iitwayo PML imeshikana na nusu ya jeni iitwayo RARA, na seli ikaanza kutengeneza protini chotara ambayo mwili haukuwahi kuwa nayo. Kwa kuwa jambo hili lilitokea katika seli moja ya uboho, katika maisha yake mwenyewe, halikutoka kwa wazazi wenu na halitakwenda kwa watoto wake. Wewe na ndugu zako hamhitaji kupimwa. Wala haliambukizi.

RARA katika hali yake ya kawaida ni kipokezi cha asidi ya retinoiki, kitu ambacho mwili hukitengeneza kutokana na vitamini A. Hukaa kwenye DNA karibu na jeni za ukomavu. Asidi hiyo isipokuwepo, RARA huzifunga jeni hizo, ikifika, huzifungua. Kiasi kilichomo katika damu ya kila mmoja wetu kinatosha kabisa kuendesha kazi hii. Lile chotara nalo hukaa palepale, ila limeng'ang'ana na kundi la protini zinazobandua alama za asetili, na ushikaji wake ni wa nguvu mno kiasi kwamba asidi ya kawaida mwilini haiwezi kuubandua. Jeni za ukomavu hubaki zimefungwa, na seli hubaki changa ikijigawa na kujigawa, hadi uboho unajaa promyelosaiti na hakuna nafasi ya seli nyekundu wala chembe sahani kutengenezwa. Udhaifu aliokuwa nao kaka yako, na pengine ile michubuko isiyo na sababu, vilitokana na hapo. Na mtaona kwamba zile jeni za ukomavu zenyewe ni nzima, hazina hata herufi moja iliyoharibika. Zimefungiwa tu.

Vidonge vya ATRA ni asidi ileile ya retinoiki kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha kawaida mwilini. Kwa wingi huo, lile kundi lililong'ang'ania hulazimika kuachia, jeni hufunguka, na seli hurudi katika safari yake ya kukomaa. Mwaka 1985 mjini Shanghai, daktari Wang Zhen-Yi alimpa dawa hii msichana wa miaka mitano aliyekuwa na APL na hali yake ilikuwa mbaya sana. Akapata nafuu kamili. Mwaka 1988 kikundi chake kikachapisha habari za wagonjwa 24, na wote walifika kwenye nafuu kamili, 23 kati yao kwa ATRA peke yake. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba jeni ya RARA inahusika; hilo liligunduliwa miaka ya 1990 na 1991, na ndipo ilipofahamika kwa nini dawa ilikuwa imefanya kazi. Mimi huona habari hii kuwa miongoni mwa zinazotia moyo kuliko zote katika utabibu wa saratani, kwa sababu jibu la wagonjwa lilituonyesha njia ya kuuelewa ugonjwa.

Lakini ATRA peke yake ilikuwa na kasoro kubwa. Baada ya miezi, kwa wagonjwa wengi ugonjwa ulirudi. Hapo ndipo aseniki inapoingia.

Huko Harbin, kaskazini mwa China, daktari Zhang Tingdong na wenzake walikuwa wakichunguza aseniki tangu miaka ya 1970, wakianzia kwenye dawa ya kienyeji. Baadaye uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba aseniki hujishikiza kwenye upande wa PML wa lile chotara na kulitia alama inayoufanya mwili wenyewe ulisage. ATRA nayo, mbali na kufungua jeni, husababisha chotara livunjwe kupitia upande wa RARA. Kwa hiyo dawa mbili zinaishambulia protini moja kutoka pande mbili, na protini hiyo ikiisha, ile seli ambayo ingeweza kuurudisha ugonjwa nayo huishiwa nguvu. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya utafiti wa Italia na Ujerumani kwa wagonjwa ambao seli nyeupe zao hazikuwa nyingi kupita kiasi. Waliopewa ATRA na aseniki bila kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa baada ya miaka miwili, na waliopewa ATRA na kemo walikuwa asilimia 86.

Ni sumu? Ndiyo, aseniki ni sumu, na wanaoitoa hospitalini wanalijua hilo vizuri kuliko yeyote. Hutolewa ikiwa safi, kwa kupimwa kulingana na uzito wa mgonjwa, kwa kawaida miligramu 0.15 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hupata miligramu 9. Kwa kuwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, atapimwa umeme wa moyo mara kwa mara, na madini ya potasiamu na magnesiamu katika damu yake yatafuatiliwa. Mkiona anachukuliwa damu kila mara msilalamike. Na ninawaomba kwa dhati: asiwepo wa kumletea unga wowote wa "aseniki ya asili" au vidonge vya vitamini A vya duka la dawa kwa nia ya kumsaidia. Kipimo kikitoka mikononi mwa daktari, tiba inakuwa sumu kweli.

Yapo mambo ambayo mtu aliyekaa kitandani pake anaweza kuyaona kabla ya muuguzi. Seli nyingi zikikomaa kwa mkupuo, huachia vitu vinavyofanya mishipa midogo ya damu ivuje. Akipata homa, akianza kuhema kwa shida, uzito ukipanda kwa kilo kadhaa ndani ya siku chache, au miguu ikivimba, mwambieni daktari saa hiyohiyo, hata usiku. Tatizo hili hutibiwa kwa deksamethasoni na likiwahiwa huisha, likicheleweshwa linaua. Maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu nayo yatajwe, kwani ATRA inaweza kuongeza shinikizo kwenye fuvu. Ngozi na midomo kukauka ni kawaida. Kama ana mke, wasitafute mimba hadi daktari aruhusu.

Aseniki haipatikani katika kila hospitali ya ukanda wetu, na bei yake ni mzigo. Kama itakosekana, msikate tamaa, kwa sababu ATRA pamoja na kemo huponya wengi. Nchi za Amerika ya Kusini zinatupa mfano ulio karibu na hali yetu. Madaktari wa Brazili, Meksiko, Chile na Uruguay waliungana, wakakubaliana kuanza ATRA mara tu wanapoushuku ugonjwa, kutoa damu na chembe sahani kwa bidii, na kushauriana kuhusu kila mgonjwa. Vifo vya siku za mwanzo, ambavyo huko Brazili vilikuwa karibu theluthi moja ya wagonjwa, vilishuka hadi asilimia 15. Dawa waliyotumia haikuwa mpya. Natamani sana mpangilio wa namna hii uwepo kwetu, na sioni sababu ya kushindwa.

Kuhusu mtoto wa jirani. Lukemia za watoto wachanga ni ugonjwa tofauti, ingawa nazo ni habari ya jeni zilizofunguliwa na kufungwa isivyofaa. Wengi wa watoto wenye lukemia ya limfu kabla ya kutimiza mwaka mmoja wana mabadiliko katika jeni iitwayo KMT2A, ambayo madaktari wengi bado huiita MLL. Kwa kawaida protini yake hubandika alama za methili kwenye histoni ili kuziacha jeni fulani wazi (methili kwenye histoni si kama ile ya DNA, inategemea imebandikwa wapi). KMT2A inapokatika na kuungana na jeni nyingine, chotara linalozaliwa huzishikilia wazi jeni kama HOXA9 na MEIS1, ambazo zilipaswa kufungwa seli inapoanza kukomaa. Kwa hiyo ni kinyume cha APL: kule mlango umefungwa usifunguke, huku umefunguliwa usifungike, na mwisho wa yote mawili ni seli changa isiyokoma kujigawa.

Chotara hili halifanyi kazi peke yake. Ili likae kwenye DNA linahitaji kushikana na protini nyingine iitwayo menini, na ule mshikano una kishimo kidogo ambamo dawa inaweza kuingia na kuutenganisha. Kutokana na ujuzi huo ikatengenezwa revumenib, ambayo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiidhinisha Novemba 2024 kwa wagonjwa wa kuanzia mwaka mmoja ambao lukemia yao yenye KMT2A iliyobadilika imerudi au imekataa tiba. Katika kundi la wagonjwa 104 lililotumika kuidhinisha, kama 1 kati ya 5 alipata nafuu kamili au inayoikaribia. Idadi hiyo ni ndogo, nami sitaipamba. Ila hawa walikuwa watu ambao tiba zilizotangulia zilikuwa zimeshindwa. Jambo lingine linaloonyesha kwamba watafiti wamegusa penyewe ni kwamba katika baadhi ya wagonjwa, ugonjwa ulipokuwa ukirudi, jeni ya menini yenyewe ilikutwa imebadilika palepale dawa inaposhika. Saratani isingehangaika kubadili kitu isichokitegemea. Kazi iliyopo sasa ni kuichanganya dawa hii na nyingine tangu mwanzo. Kundi jingine kubwa, lukemia kali ya uboho yenye badiliko la jeni ya NPM1, ambayo ni karibu theluthi moja ya lukemia kali za uboho za watu wazima, nalo linaitegemea menini hiyohiyo.

Kwa mtoto wa miezi minane, wazazi wasisubiri wala kuitafuta revumenib. Msingi wa tiba yake bado ni kemo. Nyongeza iliyoonyesha tofauti kubwa kwa watoto wachanga wa aina hii ni blinatumomab, dawa ya kingamwili isiyogusa udhibiti wa jeni kabisa; inazishikanisha seli za kinga na seli za saratani. Katika utafiti wa watoto 30 uliochapishwa mwaka 2023, zaidi ya asilimia 80 walikuwa hawana ugonjwa baada ya miaka miwili, wakati waliotibiwa kabla yao kwa kemo hiyohiyo bila nyongeza walikuwa nusu hivi. Ni ghali na haipatikani kirahisi, lakini ni haki ya mzazi kujua kwamba ipo na kuuliza. Kabla ya hayo yote, aulize kama kipimo cha KMT2A kimefanyika na jibu lake ni lipi, kwa sababu ndilo linaloamua ukali wa matibabu.

Kuna upande mmoja zaidi ambao watafiti wanaufukua sasa, na chimbuko lake moja liko jirani na kwetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda ambao baadaye ulipewa jina lake, na ambao wakati mwingine huingia kwenye uboho na kuwa kama lukemia. Miaka ya 1980 ilibainika kwamba katika saratani hiyo jeni ya MYC, inayohimiza seli kujigawa, huhamishwa kutoka kromosomu namba 8 na mara nyingi kuangukia namba 14, pembeni ya sehemu ya DNA inayoamsha jeni za kingamwili usiku na mchana. Jirani mpya akaiamsha MYC nayo. Mwaka 2014 likaja jambo la kushangaza zaidi. Katika baadhi ya lukemia za seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, herufi chache tu za DNA zilikutwa zimejipenyeza mahali pasipo na jeni yoyote, na hapo pakazaliwa kituo kipya kinachoamsha jeni ya TAL1 iliyo kando. Kipimo kinachosoma jeni peke yake kisingeliona. Sehemu inayoandika protini ni kama asilimia 2 tu ya DNA yetu, na naamini dawa kadhaa za miaka ijayo zitatoka katika kuichunguza hiyo iliyobaki.

Nirudi kwa kaka yako, kuhusu kipimo kimoja ambacho familia nyingi hazikisikii. Awamu za matibabu zikiendelea, uboho wake utapimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachonasa hata mabaki madogo sana, kutafuta chotara la PML na RARA. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza jibu linaweza bado kuwa chanya na hilo lisiwatishe, seli zilizo njiani kukomaa bado zinalibeba. Jibu lenye uzito ni la mwisho wa awamu za kuimarisha tiba, na hapo tunataka lisionekane kabisa. Akijisikia mzima baada ya wiki sita na kutaka kurudi kazini, mshikilieni amalize dozi zote, kwa sababu wakati huo atakuwa na nafuu ya macho tu na bado hatujapata jibu la PCR.